Malaria Iliyopanda Kichwani

Vijana wa chama chetu cha chuo wameniomba niandike kurasa chache za kusomewa watu wanaoleta wagonjwa wao hospitali. Walitaka kitu cha kutia moyo. Nimewaambia nitaandika kilichonipata, na moyo kila mtu atajitia mwenyewe akiweza. Sitaeleza ubongo unafanyaje kazi. Sijui, na madaktari niliowauliza walinijibu kila mmoja lake. Ninachokijua mimi ni benchi, sindano, na mama yangu.

Kwetu ni Kitengela. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua ploti wakati ambapo nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya choo chetu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, mama akauza mboga na mayai kwenye kibanda mbele ya nyumba. Tulikuwa wasichana wawili, Wairimu na mimi Nyambura, kitinda mimba.

Niliugua mara ya kwanza mvua za El Niño zilipokuwa zinaelekea kuisha, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Maji yalikuwa yamesimama kila mahali kwenye ule udongo wetu mweusi, mbu walikuwa kama wamealikwa, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyelala na homa. Kwa hivyo shule iliponirudisha nyumbani kwa sababu silali, sili, na ninajibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza, mama hakusita hata kidogo. Malaria imepanda kichwani.

Wakenya wenzangu mnayajua maneno hayo. Mtu akianza kuongea ovyo, kabla hajatajwa shetani wala bangi, inatajwa malaria, na majirani wanatikisa vichwa kwa huruma. Ni jina la heshima. Mgonjwa wa malaria huletewa machungwa na sukari, na jina lake husomwa kanisani ili aombewe. Sijawahi kusikia kanisani kwetu jina la mtu aliyerukwa na akili likisomwa.

Kulikuwa na kliniki ya kibinafsi mama aliyoiamini. Walinipima damu wakasema hawaoni kitu, lakini huenda imejificha. Wakanitundikia maji ya kwinini. Aliyewahi kutiwa kwinini anajua inavyofanya masikio: yanavuma, yanalia, unasikia watu kama wako ndani ya tangi. Sasa fikiria mtu ambaye tayari anasikia sauti ya mwanamke asiyeonekana, halafu unamtia dawa ya kuvumisha masikio. Sauti yangu ilipata spika. Ilikuwa inasoma kila nilichofanya, taratibu, kama anayesoma matangazo ya vifo redioni. Anakunywa chai. Anamwangalia mama yake. Anajifanya hajui.

Dawa ikaisha, sikupona, wakanitundikia tena. Baada ya mara ya tatu baba alisimama mlangoni na viatu vyake vyeupe kwa vumbi la saruji, akasema, "Mama Wairimu, huyu mtoto hana malaria. Tunamtibu mbu na mbu hakuna."

"Sasa unataka tuseme iko na nini?" mama akamuuliza.

Kesho yake baba alinipeleka hospitali ya Kajiado, na mama akaja pia, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi.

Chumba cha wagonjwa wa akili kilikuwa mwisho kabisa wa hospitali, nyuma ya jikoni, na nje yake palikuwa na benchi refu chini ya bati. Nataka niwaambie jambo kuhusu benchi lile. Sisi ni watu wa kusalimiana. Ukiingia dukani kwa mtu unamsalimia kabla ya kuitisha chumvi, na mzee wa Kimaasai hawezi kukupita njiani bila "sopa". Pale kwenye benchi hakuna aliyesalimia. Watu walikaa wameangalia ukuta, kila mmoja na mgonjwa wake, na kama mtu alimwona jirani wa kwao, wote wawili walitafuta kitu cha kuangalia chini. Mama mmoja akakosea akamuuliza mama yangu amekuja kufanya nini. Mama akasema amekuja kupimwa presha.

Nilichomwa sindano, nikapewa na vidonge. Baada ya majuma kadhaa yule mwanamke akaanza kusoma polepole, halafu kwa kunong'ona, na asubuhi moja nikagundua nimemaliza kuosha vyombo vyote bila kusikia neno. Nililia juu ya karai. Hiyo ndiyo furaha kubwa niliyopata mwaka ule na sina aibu kusema ilikuwa kwenye karai la vyombo.

Lakini dawa ile ilichukua malipo yake mwilini. Ulimi ukawa mzito, mate yakawa yananichuruzika nikiongea. Mikono ilitetemeka mpaka nikawa nikishika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtoto. Miguu haikutaka kutulia, ikawa inatembea hata nikiwa nimekaa. Nikanenepa, sketi ya shule ikakataa kufunga. Hedhi ikasimama, na mama akaniita jikoni akaniuliza ni mvulana gani. Uso nao ukaganda. Nilikuwa nikisikia jambo la kuchekesha, ndani nacheka, na nje hakuna kinachosogea.

Haya, nikapona. Na mama akaziweka dawa juu ya kabati. Msimlaumu haraka, alikuwa anafuata jina alilolitoa mwenyewe. Nani aliwahi kuona mtu anaendelea kuchomwa sindano ya malaria wakati malaria imekwisha? Majirani walishaleta machungwa, kanisa lilishatoa shukrani, na jambo likafungwa. Nilirudi shule na kufanya mtihani. Halafu ukaja ule ukame mkali, Wamaasai wakawa wanapitisha ng'ombe waliobaki mifupa katikati ya Kitengela wakienda kutafuta nyasi Nairobi, na mimi nikawa nimesimama barabarani kuwaeleza wachungaji ng'ombe wao wanasema nini kunihusu. Safari hii baba hakuuliza mtu. Alinipeleka moja kwa moja Kajiado, na kuanzia hapo akahakikisha sikosi sindano ya mwezi.

Hivyo ndivyo nilivyofika chuo Nairobi: mnene, wa kushika kikombe kwa mikono miwili, na bila sauti kichwani. Mwaka wa pili nikaona tangazo la chama cha wanafunzi wa kujitolea. Walikuwa wanakwenda masokoni na makanisani kuwaambia watu kwamba ugonjwa wa akili unatibika. Nilijiunga siku hiyo hiyo. Sikuwaambia chochote kunihusu. Nilitaka kukaa karibu na maneno hayo yakisemwa kwa sauti kubwa na mtu mwingine.

Kazi yetu ilikuwa mchezo wa kuigiza. Otieno, kijana mrefu wa Kisumu, alikuwa mwendawazimu. Alivaa gunia, akajifunga mikebe kiunoni, akawa anakimbiza watu sokoni, na watu walivunjika mbavu. Kisha ndugu zake walimpeleka kwa mganga, kisha kwa mhubiri, kisha kwa daktari, na daktari alimpa dawa akavua gunia na kuvaa shati jeupe. Daktari nilikuwa mimi. Tulipogawana sehemu walisema, "Nyambura, wewe hata tukifanya nini hucheki. Uko na uso wa daktari." Wakanivalisha koti jeupe. Uso ule ulikuwa kazi ya sindano, na ndio ulionipa cheo.

Tulicheza Ngong, tukacheza Embulbul, tukacheza Kitengela huku mama akiwa amejifungia kibandani. Kila mahali watu walicheka kwenye mikebe na wakapiga makofi kwenye shati jeupe. Nilianza kuchukia mchezo ule. Mimi sikuwahi kuvaa mikebe. Nilikuwa msichana aliyekaa kitandani akisomewa na mtu asiyekuwepo, na hakuna ambaye angelipa hata tabasamu kuona hilo.

Siku ya soko la mifugo Kajiado tulisimama kando ya zizi la mbuzi, vumbi na kelele kila upande. Tulipomaliza, Otieno akauliza kama kuna swali. Mwanamke mmoja akasogea mbele. Alikuwa Msomali wa makamo, mwenye kuuza shuka na sufuria pale sokoni, wanamwita Mama Abdi. Hakuwa amecheka.

"Huyu yenu amepona sasa hivi tu, mbele ya macho," akasema. "Mimi niko na kijana nyumbani, ana miaka mingi hivyo. Baba yake alichoka akaenda. Sasa msinionyeshe mchezo. Nyinyi wasomi, mmewahi kuona hata mmoja ameshikwa na hii kitu akarudi? Yuko wapi nimwone?"

Wenzangu wakaangaliana. Otieno akaanza kusema kuhusu utafiti. Mwanamke yule akatikisa kichwa akageuka kuondoka, na niliona vile mabega yake yalivyoshuka.

"Mimi," nikasema.

Akageuka. Watu pia wakageuka, na wanunuzi wa mbuzi wakanyamaza.

"Wewe daktari?"

"Mimi si daktari. Hii koti tu. Mimi nilishikwa nikiwa shule. Nasikia sauti nikiacha dawa. Nachomwa sindano kila mwezi hapa hapa hospitali ya Kajiado, nyuma ya jikoni. Hii mikono inatetemeka ni dawa."

Alikuja akaishika mikono yangu, akaiangalia pande zote kama anayenunua kitu. "Ukiacha dawa inarudi?"

"Inarudi. Hii dawa haiachwi, mama. Mlete siku ya kliniki."

"Wallahi nitamleta," akasema. Mikono yangu hakuiachilia kwa muda mrefu. Niliporudi chuo siku hiyo nilijihisi mwepesi, nikaimba bafuni, vibaya.

Sikujua kwamba kati ya wale wanunuzi wa mbuzi palikuwa na mzee mwenye bucha Ngong. Na mzee huyo alikuwa mjomba wa kijana aliyetaka kumwoa dada yangu Wairimu.

Kwetu sisi Wakikuyu, kabla mahari haijapokelewa, wazee hupeleleza. Huulizwa: katika nyumba ile kuna wizi? Kuna uchawi? Kuna wazimu? Huulizwa taratibu, majirani na hata wauza maji, na jibu moja baya linaweza kuvunja kila kitu. Wazee wa Ngong walipofika nyumbani kwetu kwa ajili ya ruracio, yaani kuleta mahari, walikula, wakanywa supu, wakasifu nyumba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na jagi la maji. Kisha mjomba akaweka bakuli chini.

"Kuna msichana nilimsikia Kajiado akisema anasikia sauti," akasema. "Niliambiwa ni wa hapa."

Baba akakohoa. Nilijua baba angesema ukweli, na nilijua mama alijua, maana mama alimtangulia.

"Huyo alikuwa na malaria," mama akasema. "Ile ya El Niño. Ilipanda kichwani. Iliisha kitambo, ni hii mambo ya chuo inamfanya aongee hivyo kusaidia watu."

Mjomba akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa upole, "Malaria ni ya kila mtu. Basi kama iliisha, vizuri. Ila tusiendelee kumwona pale hospitali pamoja na wale wengine."

"Hamtamwona," mama akasema.

Jioni Wairimu alikuja akakaa kitandani kwangu. Alikuwa amemaliza miaka ya kuchunga mgonjwa badala ya kuishi. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa siwezi kutulia, akinishika kichwa kwa mapaja. "Mpaka harusi tu, Nyambura," akasema. "Ikipita naenda na wewe Kajiado mwenyewe. Siwezi kukuomba kitu kingine tena." Chuo kilikuwa kimefungwa likizo ndefu, nilikuwa nyumbani, na baba alikuwa amepewa zamu za mchana na usiku kiwandani. Nikakubali kuacha sindano mpaka harusi ipite. Nilimpenda, na niliona alikuwa na haki ya kuolewa kama mtu mwingine yeyote.

Kwa muda nilijisikia vizuri kuliko zamani, na hii ndiyo inayodanganya. Mikono ikaacha kutetemeka. Uso ukafunguka. Nilicheka mezani na mama akaniangalia kwa furaha mpaka machozi yakamlengalenga, akasema, "Unaona? Iliisha." Nadhani alianza kuamini kweli. Halafu mvua fupi zikaanza, na asubuhi moja nikichambua sukuma wiki kibandani nikasikia, taratibu kabisa: Anachambua sukuma. Anajifanya hajui.

Sikumwambia mtu. Harusi ilikuwa imebaki kidogo. Nilifunga masikio kwa leso, nikaacha kula, na mwishowe nikaenda nje bila nguo ya juu kuwaambia mafundi wa jirani waache kunisoma. Wajomba zangu walinishika. Walinifunga kitandani katika stoo ya nyuma, kwa kamba ya katani, ile ya kufungia mizigo, na kamba ikanila mikono mpaka nyama ikaonekana.

Harusi ilifanyika. Nilikuwa stoo, katikati ya magunia ya mkaa, na kupitia dirisha la nyavu nilisikia wanawake wa Ngong wakiimba langoni wafunguliwe wamchukue bibi arusi, na wanawake wa kwetu wakiwajibu kwa nyimbo kwamba hawajaimba vya kutosha. Nilisikia vigelegele. Nilisikia mtu akiuliza, "Na yule mdogo yuko wapi?" na mama akijibu, "Amelazwa na malaria, maskini." Baadaye mlango ulifunguka kidogo, mkono ukaingiza sahani ya pilau na chungwa, ukafunga tena. Nilikuwa nimefungwa mikono yote miwili. Sahani ilikaa sakafuni mpaka siafu wakaijia, na yule mwanamke kichwani akanisomea siafu mmoja mmoja. Kama kuna siku niliyotaka kufa ni hiyo, na ninaiandika hapa ili mtu aliye stoo leo ajue kwamba hayuko peke yake.

Baba, aliyekuwa ameambiwa kwamba niko kwa shangazi, alirudi kesho yake kutoka kusindikiza harusi Ngong akanikuta stoo. Sijui aliongea nini na mama. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akanivalisha sweta lake, akanibeba mgongoni mtu mzima wa miaka yangu mpaka barabarani. Mama akatufuata na leso yake. Wairimu, bibi arusi wa jana, alitukuta Kajiado na hina bado mbichi mikononi. Kwake Ngong walikuwa wameshajua. Kulikuwa na maneno mengi huko, na mengine bado yapo mpaka leo.

Tukakaa kwenye benchi. Watu wakaangalia ukuta. Mambo mengi ya majuma yale yamenipotea kabisa, lakini hili lilibaki wazi.

Alikuja mwanamke na kijana mrefu aliyenyoa vizuri, mwenye mikono inayotetemeka. Mwanamke alisalimia benchi zima kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama yuko dukani kwake. Alipofika kwangu sauti ikakatika. Akaniangalia uso, kisha akaiangalia mikono yangu. Safari hii hakuigusa.

"Huyu si yule?" Mama Abdi akasema. "Huyu si yule msichana wa soko, aliyepona?"

Kijana wake alikuwa amesimama nyuma yake akinitazama, na nilimwona mama yake akimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye tena. Niliona anahesabu yatakayompata mwanawe. Nilitaka kumwambia kitu, na mdomo haukuwa wangu.

"Aliniambia dawa haiachwi," Mama Abdi akasema. Sauti yake ilikuwa imejaa hofu, haikuwa ya ugomvi. "Kwa mdomo yake aliniambia. Nimeshikilia hiyo neno mpaka leo. Sasa ni yeye ameacha?"

Wairimu akaanza kulia. Baba akavua kofia.

"Nani alimwachisha?" Mama Abdi akauliza.

Mama alikuwa ameangalia ukuta kama wengine. Niliiona leso ikisogea. Aliishusha kutoka kwenye nyusi, kutoka kichwani, ikabaki mabegani, na nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyokuwa nikidhani.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye mama yake. Nilikuwa naambia watu ni malaria."

Mama Abdi akamwangalia. Kisha akamsogeza kijana wake, akakaa kando ya mama yangu kwenye benchi, bega kwa bega.

Mlango ukafunguka, nesi akasoma jina langu. Miaka yote ile mama alikuwa akisubiri jina lisomwe mara ya pili, kwa sauti ya chini, ndipo anisukume kidogo niinuke. Siku ile alisimama kabla yangu.

"Tuko hapa," akasema, na benchi zima likasikia.